Presha Nane

Shule ya Wasichana,
Kericho.
3 Machi 1996

Kaka Aron,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nitalisema kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitaingiwa na woga na barua itaishia hapo. Ile Jumamosi ya wazazi kutembelea, ulipoingia langoni na pikipiki inanguruma, wasichana wote walikimbilia madirishani. Tecla, ambaye tunakaa naye dawati moja, aliniuliza, "Nani huyo anakupungia mkono?" Nikamjibu, "Ni fundi wa jenereta. Ameitwa na shule." Nilisema hivyo nikiangalia oili kwenye shati lako. Kisha nikangoja wenzangu waende kula, ndipo nikaja nyuma ya jikoni kukusalimia. Ulidhani ni soni zangu za kawaida. Hazikuwa hizo.

Sasa salamu. Mimi ni buheri wa afya. Mama ameandika kwamba majani ya chai yamepungua kwa sababu ya jua, kwamba ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, na kwamba mdogo wetu Nelvine ameanza kusoma mbele ya watu kanisani. Ameuliza tena kama utakuja nyumbani Pasaka. Sikumjibu. Nimechoka kujibu kwa niaba yako.

Nimekasirika pia. Ulitoka Nakuru mpaka hapa, na kutoka hapa mpaka nyumbani Kaplong ni mwendo mfupi kwa pikipiki kama ile, lakini uligeuza ukarudi. Wala hukuja kuniona mimi hasa. Uliniletea katalogi tatu za Kiingereza nikuchagulie moja, zimefungwa kwa gazeti, na juu ya gazeti umeandika DURBO. Ni turbo, kaka. Ni T.

Hata hivyo nimezisoma zote, na sura ya gesi kwenye kitabu cha Fizikia cha Kidato cha Nne ingawa sisi wa cha Tatu hatujaifikia. Kama nimeelewa vizuri, turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa eksosi unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ili petroli nyingi zaidi iungue. Injini ya hiyo pikipiki haikutengenezewa hewa ya kusukumwa. Mwenye pikipiki ni Bwana Naftaly, mwenye gereji yenu, lakini atakayekaa juu yake kwenye mbio ni wewe. Injini ikikwama ukiwa kwenye kilomita mia mbili kwa saa, gurudumu la nyuma litakwama pamoja nayo.

Katalogi ya kwanza ina picha ya msichana amekaa juu ya tangi. Inaahidi nguvu maradufu. Haisemi mafuta yanayolainisha turbo yatarudi vipi kwenye injini. Ya tatu inasema inafaa pikipiki zote, na sidhani kitu kinachofaa pikipiki zote kilijaribiwa kwenye hata moja. Ya pili ni ile ya jalada la kijani. Turbo yake ni ndogo na haiongezi nguvu nyingi. Lakini ina pampu ya kurudisha mafuta, ina geji ya kuonyesha hewa inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, ina skrubu ya kuipunguza, na inakuja na kitabu cha maelezo. Tena ni hiyo peke yake iliyoandika mambo ambayo mtu asifanye. Mimi namwamini anayenionya kabla sijanunua.

Chukua ya kijani, au usichukue yoyote. Ningependa usichukue yoyote.

Dada yako,
Chepngeno

*

Nakuru
29 Machi 1996

Chepngeno,

Pokea salamu za fundi wa jenereta. Mimi mzima. Shangazi Caren wa Kedowa mzima pia, anasema umekuwa mrefu na huongei, kwamba ukimtembelea ni kama ametembelewa na kabati la vitabu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimelala chali chini ya lori. Nilipomaliza ilibidi nibaki pale pale mpaka uso wangu utulie, maana vijana wa gereji hawana dogo.

Nikueleze habari ya shati. Pikipiki ilianza kuvuja oili kabla ya Kedowa. Nikasimama kwa Shangazi Caren, nikaifunga kwa mikono bila hata kitambaa. Shati safi lilikuwa kwenye mkoba. Nikaangalia saa, nikaona nikikaa kubadilisha nitakuta saa za kutembelea zimeisha na wewe umekaa peke yako wakati wenzako wana wageni. Nikaja hivyo hivyo. Kumbe ungefurahi ningechelewa.

Mimi niliacha shule Kidato cha Pili Baba alipofariki. Hakuna aliyenisukuma na sitaki asante ya mtu. Lakini usinifundishe herufi T. Nyumbani sote tunasema hivyo, Mama anasema hivyo, hata wewe ukikasirika unasema hivyo. Mimi nimeandika tu ninavyosikia.

Pasaka siji. Usiniulize sababu.

Nilikuwa nimeipenda ile yenye msichana kwenye tangi. Lakini nimemwambia Naftaly tuagize ya kijani, na shemeji yake aliye Uingereza ataituma kwa meli. Naftaly akaniuliza kwa nini ya kijani. Nikamwambia mambo ya pampu na mafuta, yote uliyoandika. Akasema, "Aron, wewe una kichwa." Sikumwambia ni kichwa cha nani. Kwa hiyo wewe umenikana kwa Tecla, mimi nimekukana kwa Naftaly. Tumelingana.

Fundi wa Jenereta

*

Nakuru
8 Septemba 1996

Chepngeno,

Miezi mitano hujaandika, mimi pia sijaandika. Nimesikia Mama alilazwa Kaplong siku mbili kwa ajili ya mgongo. Nelvine ndiye aliyeniandikia. Ana miaka tisa na anaandika kuliko wewe unayesoma vitabu vya kusimamisha mlango.

Sanduku limefika. Nimelifungua mwenyewe, Naftaly akiwa ameshika taa. Ni kazi safi, Chepngeno. Hata nati zimefungwa kwa karatasi moja moja. Ulichagua vizuri, nitasema hilo hata kama bado nina kinyongo.

Pikipiki nimeiangalia yote. Nimeshapima kompresheni ya silinda zote nne, zimelingana, injini ni nzima kabisa. Mbio ni Alhamisi tarehe 10 Oktoba, sikukuu, kwenye uwanja wa ndege wa shamba moja nje ya Nakuru. Tukishinda, Naftaly atafungua karakana ya pikipiki za mbio, na mkubwa wake nitakuwa mimi. Ndiyo sababu sikuja Pasaka. Sitaki kuja nyumbani mara nyingine tena nikiwa mtu wa kushikia wengine spana.

Tatizo ni kitabu. Kurasa kumi na nane, na Kiingereza chake kimekaza kama nati yenye kutu. Turbo za lori nimefunga nyingi, lakini hizo ni za dizeli, unafunga unaondoka. Hii ya petroli sijui ina tabia gani. Nimekutumia kopi. Nifupishie mambo ya lazima. Andika kwa Kiswahili cha watu, usiniletee buheri wa afya. Mimi si mtahini.

Aron

*

Kericho
15 Septemba 1996

Kaka Aron,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mama ametoka hospitali na amerudi kuchuma chai, ingawa aliambiwa apumzike. Hakuna mwingine wa kuchuma. Silisemi hilo kwa ubaya, au labda nalisema kwa ubaya.

Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Nilidhani nikikuambia ukweli nitapata nafuu, lakini nilipata barua yako ya shati.

Nimekisoma kitabu mara tatu, usiku mbili za masomo ya prepu na Jumamosi nzima. Haya ndiyo mambo ya lazima, kwa Kiswahili cha watu kama ulivyoagiza. Uliposema wewe si mtahini nililia kidogo, kisha nikaandika.

Kwanza, mwaga oili ya zamani yote uweke mpya kabla ya kuwasha. Turbo inakunywa oili hiyo hiyo ya injini. Pili, ukisimamisha pikipiki usizime mara moja. Iache ingurume dakika mbili ili turbo ipoe. Tatu, punguza presha iwe nane. Hili wamelirudia mara tatu, na mara moja kwa herufi kubwa. Isizidi nane. Nne, tumia petroli bora kabisa utakayopata. Tano, ukisikia kelele yoyote ngeni, acha mara moja. Hata kama ni katikati ya mbio, kaka. Wameandika "mara moja".

Bado ningependa usipande.

Chepngeno

*

Wodi ya wanaume, Nakuru
20 Oktoba 1996

Chepngeno,

Wagonjwa wenzangu hawajambo. Mimi nimevunjika paja la kulia na mkono wa kushoto, ninaandika karatasi ikiwa juu ya sahani.

Raundi ya kwanza niliwaacha wote. Nilikuwa mbele mpaka sikuwasikia tena. Raundi ya pili, nikiwa nimepita mia na themanini, nikasikia kitu kama mtu anatikisa mawe ndani ya mkebe. Halafu nyuma ikakwama, kama ulivyosema. Nilitembea kwa mgongo kwenye lami mpaka kwenye nyasi. Helmeti imeliwa upande mmoja.

Naftaly amekuja na pistoni ya tatu amefunga kwa leso. Ina tundu katikati, unapitisha kidole gumba. Akaiweka juu ya blanketi, akaketi nusu saa nzima akiiangalia. Heri angetukana.

Umesema ya kijani ndiyo ya kuaminika. Umesema hiyo inaonya watu. Nilifanya yote uliyoandika, moja mpaka nne. Sasa niambie, wewe unayesoma hata yasiyoandikwa, hiki ni kitu gani ulinichagulia?

Aron

*

Kericho
27 Oktoba 1996

Aron,

Leo sina habari za nyumbani za kukupa. Habari za nyumbani ni kwamba Mama alikuja shuleni Jumatano, akaniita nje ya darasa la Historia, akaniuliza mbele ya mwalimu, "Ni wewe ulimchagulia kaka yako hicho chuma?" Umemwambia ni mimi. Ulipokuwa unasifiwa una kichwa, sikuwepo. Ulipoanguka, nikawepo. Kwa Naftaly mimi si kitu, kwa Mama mimi ni muuaji. Alisema nimekusomea jeneza kwenye katalogi. Mwalimu akajifanya anafuta ubao.

Na wewe uliandika "moja mpaka nne". La tano je? Uliyasikia mawe kwenye mkebe. Uliyasikia, ukaendelea. Niliandika "mara moja".

Nilikuambia presha nane. Kama ungeiweka nane, pistoni isingetoboka, kwa maana kitabu kinaeleza kwamba presha ikizidi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo. Ni lazima uliongeza. Nakujua. Ulitaka kuwaacha mbali zaidi. Huwezi kunyamaza hata ukishinda.

Nimefurahi kwamba hukufa. Nimeandika hilo mwisho kwa sababu bado sijui kuliandika.

Chepngeno

*

Kedowa
10 Novemba 1996

Chepngeno,

Nimetolewa hospitali. Niko kwa Shangazi Caren, maana ni karibu na kliniki ya mguu kuliko Kaplong. Viazi vimeiva. Shangazi anasema nile, nikila anasema ninamaliza.

Ilikuwa nane. Sikia vizuri. Kiwandani waliiweka kumi. Nikageuza skrubu mpaka geji ikasimama kwenye nane, nikapaka rangi nyekundu kichwani mwa skrubu ili nione kama itasogea. Haikusogea. Baada ya ajali rangi iko pale pale. Hata raundi ya kwanza, nikiwaacha wote, sindano haikuvuka nane. Kwa hiyo usiniambie unanijua.

La tano ni kweli. Nilisikia. Hilo ni langu.

Naftaly amenifuta kazi. Alikuja na kitabu, akafungua ukurasa wa sita, akaupigapiga kwa kidole. "Kuna kitu kimeandikwa hapa, na hukukifanya." Nikamwambia nimekifanya. Akauliza, "Ulikisoma wewe mwenyewe?" Nikamwambia hapana. "Basi nani alikusomea?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Fundi asiyejua alikosea wapi siwezi kumpa pikipiki ya mtoto wa mtu." Akachukua kitabu chake akaenda. Hapa Kedowa ndipo alipozaliwa, mama yake bado anauza sokoni, kwa hiyo habari ilifika kabla yangu.

Kopi unayo wewe peke yako. Angalia ukurasa wa sita.

Aron

*

Kaplong
22 Desemba 1996

Kaka Aron,

Natumaini mguu unaendelea vizuri. Sisi sote hapa hatujambo. Mvua ilinyesha vizuri, chai ni nyingi, na asubuhi mimi na Mama tunachuma mpaka saa nne, halafu ninabeba kikapu mpaka kwenye senta ya chai kabla gari la kiwanda halijapita. Yule ndama dume ameuzwa. Nelvine ataimba peke yake kanisani siku ya Krismasi na ameshaanza kutuchosha. Mama hanikasirikii tena, au amesahau, au amechoka.

Mguu wako wanasema utapona lini?

Kuhusu ukurasa wa sita, sijapata nafasi ya kuangalia.

Krismasi njema.

Chepngeno

*

Kedowa
12 Januari 1997

Chepngeno,

Shangazi Caren anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Miezi miwili imepita, na nafasi ya kusoma ukurasa mmoja haijapatikana. Wewe unayesoma hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Nikuambie ninavyoishi. Nilitengeneza mashine ya kusaga mahindi hapa senta, ilikuwa inazima kila mara. Nikaitengeneza nikiwa nimekaa kwenye debe, mguu umenyooka. Ikafanya kazi. Mwenyewe akashukuru, halafu akamwita fundi mwingine aje akague. Siku ya soko nikipita na magongo vijana wanaita, "Fundi Nane! Fundi Nane, leo umeweka ngapi?" Maana niliwaeleza kila mtu hapa kwamba ilikuwa nane. Nilieleza mpaka wakanipa jina.

Naftaly alipita juzi kumwona mama yake. Akaniona, akainamisha kichwa, akapita. Nimefanya kazi kwake miaka saba.

Swali ni moja. Kama nilikosea, niambie nilikosea wapi, nijifunze, nitafute kazi kwingine. Kama sikukosea, niambie pia. Huku kunyamaza kwako nimekuchoka. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unanyamaza hivi hivi.

Aron

*

Kericho
9 Machi 1997

Kaka Aron,

Mama hajambo, mgongo umetulia. Nelvine ameng'oka jino na amelifunga kwenye karatasi ili akuonyeshe. Mvua za masika zimeanza. Habari hizo nimezimaliza haraka kwa sababu zilizobaki ni zangu mimi.

Ukurasa wa sita niliuangalia tarehe kumi na nane Desemba, siku nne kabla ya barua ya Krismasi. Nilikudanganya.

Kitabu kinasema hivi: kabla ya kufunga turbo, injini ifunguliwe, na kompresheni ipunguzwe kutoka uwiano wa kumi na moja kwa moja hadi uwiano wa nane kwa moja. Si hewa inayosukumwa na turbo, na si skrubu, na si geji. Ni ule mgandamizo wa ndani ya silinda, pistoni inapopanda. Wewe uliweka hewa nane kama nilivyoandika. Injini ikabaki na kompresheni yake ile ile ya kumi na moja, na juu yake turbo ikaongeza. Hukukosea. Ulifuata barua yangu neno kwa neno. Barua ndiyo iliyokosea.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni huu. Barua zangu zote huwa naziandika kwanza kwenye daftari la rafu. Nililitafuta siku hiyo hiyo, nikalikuta chini ya kitanda cha Mama na vitabu vya Kidato cha Kwanza. Kwenye jambo la tatu nilikuwa nimeandika "kompresheni". Kisha nimelikata kwa mistari miwili iliyonyooka, kwa rula, na juu yake nimeandika "presha". Nakumbuka vizuri nilichofikiri nikishika rula. Nilifikiri, neno hili Aron hatalijua. Nilifikiri pia kwamba ninakufanyia wema, na kwamba ndicho Kiswahili cha watu ulichoomba. Barua yako ilikuwa hapo mezani mbele yangu. Wewe mwenyewe umeandika ndani yake, kwa mkono wako, "nimeshapima kompresheni ya silinda zote nne". Mimi neno hilo nilikuwa nimelijua kwa siku chache. Wewe ulikuwa unalipima kwa miaka saba.

Ndivyo nilivyokuona. Kwa Tecla nilikuita fundi wa jenereta mara moja tu, lakini kwenye daftari niliendelea kukuita hivyo.

Nilinyamaza kwa sababu nikisema, basi mimi si yule msichana anayesoma vizuri. Sina kitu kingine. Wewe ulinyamaza kwa Naftaly ili kunificha, na ukapoteza kazi. Mimi nilinyamaza kwako ili kujificha, na sikupoteza chochote. Nimelifikiria hilo karibu miezi mitatu na kila siku lilikuwa vile vile.

Bado nina hasira na wewe. Uliyasikia yale mawe. Ulimwambia Mama. Sitaki uchukue barua hii ukasema yote ni ya Chepngeno. Yangu ni hii moja, na nimeshaisema.

Sasa nitakueleza nilichofanya wiki hii.

Jumatatu niliichana ile karatasi kutoka kwenye rafu, yenye neno lililokatwa. Nikamwandikia Bwana Naftaly barua fupi. Niliandika: "Ulimuuliza Aron ni nani aliyemsomea kitabu. Ni mimi, dada yake, wa Kidato cha Nne. Kitabu kilisema kompresheni, mimi nikaandika presha. Ushahidi umo humu. Yeye alifanya kila kitu nilichomwandikia, na aliponyamaza alikuwa ananificha mimi. Hata ya kijani nilichagua mimi, na bado naamini ni nzuri." Niliirudia mara moja tu, sikupitisha rula popote.

Jumanne niliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Akauliza ni ya nini, nikasema ni ya kurekebisha kosa la Kiswahili. Akanipa saa moja. Nikatembea mpaka posta mjini, nikaituma kwa rejista, nikarudi mvua ikininyeshea. Risiti ninayo. Jibu halijaja, na sijui kama litakuja.

Jana jenereta ilizima tukiwa kwenye chakula cha jioni. Msichana mmoja wa meza ya mwisho akapaza sauti, "Chepngeno, mwite yule fundi wako!" Walicheka. Mwaka mzima wamekuwa wakisema hivyo kila ikizima, na mimi nimekuwa nikicheka nao. Nikasimama. Unajua mimi sisimami.

Nikasema, "Yule si fundi wa jenereta. Ni Aron, kaka yangu. Ni fundi wa injini."

Tecla akaniangalia. "Sasa mbona ulisema vile?"

"Nililionea haya shati lake."

"Shati?" Tecla akasema. "Wewe! Sisi tulikuwa tunaangalia pikipiki."

Nikaketi, nikamaliza kabichi yangu.

Kisha kuna jambo la mwisho, na ndilo lililo ndani ya bahasha hii nzito. Nimekitafsiri kitabu chote, kurasa zote kumi na nane, bila kufupisha. Nimetumia maneno ya gereji niliyoyapata kwenye barua zako: kompresheni, eksosi, silinda, oili. Mahali ambapo sikujua fundi anasemaje, sikubahatisha na sikutafuta neno rahisi la kukupa. Nimeacha nafasi, nimechora mstari chini yake, na pembeni nimeandika Kiingereza chake kwa penseli.

Nafasi ziko arobaini na moja. Jaza unirudishie.

Chepngeno